Pazia la Getini

Mlinzi alimwambia afunue uso, naye Fundi akafunua.

Hakubishana. Foleni ya wanaokwenda kuona wagonjwa ilikuwa ndefu, jua lilikuwa la utosi, na mwanawe wa pekee alikuwa ndani, wodi ya watoto, mguu umefungwa kwenye ubao. Akashika ncha ya kitambaa chake cha kijivu, akakiteremsha mpaka kidevuni. Mlinzi akatazama kitambulisho, akatazama uso, akarudi kwenye kitambulisho. Nyuma yao mtoto aliyebebwa mgongoni akapiga ukelele. Mama yake akamziba macho kwa kiganja, na kijana mmoja akatoa simu, wala hakuwa na nia ya kumpigia mtu.

"Huyu kwenye picha si wewe," mlinzi akasema.

"Ni mimi, Afande. Picha ni ya kabla mtungi wa gesi haujalipuka."

"Haya, funika. Funika upesi, unatisha watoto wa watu."

Fundi akafunika, akasogea kuelekea ndani. Mlinzi akamwekea mkono kifuani.

"Wapi tena? Umefunika uso. Hapa hapiti aliyefunika uso."

Ukifunua unatisha, ukifunika hupiti. Hata mwenye akili za kuazima angeona kwamba hapo kuna kasoro, lakini mlinzi hakulipwa kuona kasoro. Alilipwa kuona nyuso. Mwezi uliopita kibaka mmoja aliingia hospitali na kofia ya sufu iliyomfika kidevuni, akakusanya simu za wagonjwa waliolala, akatoka kwa miguu yake akiwaaga watu. Tangu siku hiyo ukutani pakaandikwa kwa rangi nyekundu: WANAOFUNIKA USO KWA SABABU ZA DINI, PAZIANI. WENGINE WOTE FUNUENI HAPA.

Mkewe Fundi, Mama Chiriku, alikuwa ametangulia. Alivaa nikabu nyeusi, kama alivyovaa tangu kabla hawajaoana. Alielekezwa kushoto, kwenye pazia la kijani, ambako mlinzi wa kike aliyeitwa na wote Dada wa Pazia alimtazama uso wakiwa wawili tu, akamrudishia kitambulisho, akamwambia, "Karibu mama, pole na mgonjwa." Alipotokea upande wa pili akageuka kumngoja mumewe, akamwona bado yuko nje, mkono wa mtu mwingine kifuani.

"Basi na mimi nikaguliwe kule paziani," Fundi alisema.

"Kule ni kwa dini. Dini gani inafunika wanaume?"

"Si dini. Ni moto."

"Sasa ukutani pameandikwa moto?"

Foleni ikacheka. Fundi akampungia mkewe mkono aende tu, saa ya kuona wagonjwa isimpite, naye akageuka kurudi nyumbani huku akitazama chini.

*

Mtoto waliyemwita Chiriku hakuwa na jina hilo bure. Alianza kusema kabla hajaota meno ya mbele, na tangu hapo hakuwahi kufunga mdomo ila anapomeza. Mguu wenyewe uliovunjika ni kwa sababu ya maneno: alipanda juu ya tangi la maji kuwatangazia wenzake mpira, goli likaingia, akashangilia, akasahau kwamba tangi lina mwisho.

Jioni hiyo mama yake alirudi kutoka hospitali, akakaa kwenye kigoda bila kuvua hata viatu.

"Amekataa tena," akasema. "Walikuja kumchukua kwa upasuaji. Ameng'ang'ania kitanda wauguzi wawili wakashindwa kumbandua. Wodi nzima inalia naye."

"Daktari kasemaje?"

"Kasema mfupa umeanza kuunga upande. Amempa nafasi kesho kutwa asubuhi. Ikipita hiyo, ni mwezi ujao, na mwezi ujao itakuwa kazi ya kuvunja upya. Kasema huenda akachechemea maisha."

Fundi alikuwa ameshika bakuli la chai. Akaliweka chini.

"Anaogopa kisu?"

Mama Chiriku alikuwa na maneno aliyoyabeba njia nzima, akitafuta namna ya kuyalainisha, asiipate. Akayatoa kama yalivyo.

"Anaogopa usingizi. Amemwambia daktari hivi: 'Baba yangu alilala hapa hospitali, akaamka na uso mwingine. Nani ananiahidi nitaamka na mguu wangu?' Daktari akamwahidi. Akamwambia, 'Wewe sikujui. Namtaka baba, yeye ndiye aliyelala.'"

Fundi alikuwa amekaa siku nyingi kwenye wodi ya walioungua, na aliporudi nyumbani, watu wazima wakimkwepa kwa visingizio, Chiriku alikuja akamshika shavu kwa vidole viwili na kuuliza kama linawasha. Hakuuliza kingine. Fundi alidhani jambo limekwisha pale. Hakujua mtoto alikuwa amebaki na hesabu yake mwenyewe.

Shemeji, kaka yake Mama Chiriku, alikuwapo. Alikuwa muuza simu, mtu wa ufumbuzi mwingi na mafanikio machache.

"Shemeji, unajitesa bure," alisema. "Sema ni dini. Nani atakupima? Kwani Afande ana mizani ya imani?"

"Na akiniuliza aya?"

"Utatunga."

"Nimtungie Mungu?" Fundi akatikisa kichwa. "Aliyenitoa kwenye moto ule ni Yeye. Halafu nimsingizie kwamba kaniamrisha kitambaa? Aibu ni yangu, shemeji. Nitaibeba mwenyewe."

"Basi vaa nikabu ya dada. Una umbo la kike kidogo ukitembea polepole."

Mama Chiriku akamtupia kandambili, ikampata begani. Wote watatu wakacheka, na kwa jioni ile kicheko kilikuwa kama maji ya kunywa. Lakini Fundi aliacha kucheka kabla ya wenzake. Alikuwa anatazama ukutani, pale kilipotundikwa kinyago chake cha kuchomelea.

*

Kesho yake alifika getini kabeba sanduku la vifaa na mashine ndogo ya kuchomelea begani. Kinyago cha chuma kilikuwa kimeshuka mpaka kifuani, na kioo chake cheusi kilikuwa kidogo kama dirisha la choo. Hakuna mtu aliyeweza kujua ndani mna nani. Hata angekuwa yule kibaka wa kofia ya sufu, asingejulikana.

"Fundi, kazi gani?" mlinzi akauliza.

"Chuma," Fundi akajibu kwa sauti ya ndani ya ndoo. Hakuwa amesema uongo. Kuna chuma kilichotakiwa kutiwa mguuni mwa mtoto, na alikuja kwa ajili hiyo.

"Pita, pita kaka. Tena uangalie na bawaba ya geti hili ukirudi, inalia sana."

Akafunguliwa geti kubwa, lile la magari. Mlinzi mwenyewe alimsaidia kushika sanduku.

Fundi alitembea kwenye korido. Alishaiona alama ya wodi ya watoto, alishaanza kusikia sauti ambayo hata kwenye soko angeitambua, ikimweleza mtu fulani jinsi ya kupiga penalti, pale metroni alipomtokea mbele. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, barakoa yake imeshushwa chini ya pua.

"Hatimaye! Nimelilia fundi mpaka nimekauka! Njoo huku."

"Mama, mimi..."

"Njoo kwanza uone, ndiyo useme."

Akamvuta mpaka uani kwenye toroli la kupelekea wagonjwa kwenye upasuaji. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umepasuka pale unapoungana na kitanda, umefungwa kwa bandeji kama mgonjwa mwenzao.

"Tunalo hili moja tu zima," metroni alisema, "na hilo zima ndilo hili bovu. Jana bibi kizee nusura aanguke."

Hapo ndipo Fundi alipofanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Muuza simu angesema "narudi sasa hivi" na kupotea. Fundi aliinama, akapitisha kidole kwenye ufa, akaona mchomeleaji wa kwanza alipaka juu juu bila kuingiza moto ndani. Akakasirika. Akafikiri pia ni nani atakayelazwa juu ya toroli lile kesho asubuhi. Akajiambia ni kazi ya mara moja, akachomeka mashine.

Ilikuwa kazi ya mara moja mpaka alipokwangua rangi na kuona mguu wa pili nao umeanza. Chuma cha kubeba watu hakiachwi nusu. Alikuwa bado anasaga mabaki ya mshono kwa grenda, cheche zikiruka, aliposikia kengele ya kuwatoa wageni. Akazima mashine, akasimama. Walinzi walikuwa tayari wanapita wodi hadi wodi. Metroni alimshukuru kwa maneno mengi, akamsindikiza mwenyewe hadi geti la nyuma, na yeye akatoka na kinyago chake, hospitali nzima ikimheshimu, bila kumwona mwanawe.

Nyumbani alimsimulia mkewe yote. Alitarajia kufokewa. Mama Chiriku alimsikiliza hadi mwisho, nikabu imekunjwa magotini mwake.

"Alikungoja mpaka kengele," alisema polepole. "Nilimwambia unakuja. Kila mtu akiingia anainua shingo."

Fundi akafunika uso kwa mikono, na bega lake likaanza kutikisika. Mkewe akamwacha amalize, kisha akasema:

"Kesho hutakwenda na kinyago, wala hutakwenda na uongo. Utakwenda na mimi. Nimepita pale paziani kama malkia, wewe umesimama nje kama mwizi, nami nikakaa kimya nikidhani hayanihusu. Nimekosea. Kesho tunapita pamoja au tunabaki pamoja."

*

Asubuhi ya upasuaji wazazi wa watoto wanaopasuliwa waliruhusiwa kuingia mapema. Foleni ilikuwa fupi lakini ilikuwa na wasiwasi, kila mtu na wake moyoni. Mlinzi alipoona nikabu na kitambaa cha kijivu vimekuja bega kwa bega, akavuta pumzi.

"Mama, wewe paziani. Wewe mzee, tulishaongea. Funua hapa au rudi."

Mama Chiriku hakusogea.

"Afande, mwanangu, nina swali. Kule paziani mnanitazama nini?"

"Uso, mama. Ulingane na kitambulisho."

"Na hapa kwenye foleni mnamtazama mume wangu nini?"

"Uso."

"Kitu kilekile. Mbona mimi natazamwa kwa stara, na yeye anatazamwa na soko zima?"

"Wewe ni dini, mama. Tunaheshimu."

"Ahsante kwa heshima. Mimi langu nimelivaa kwa kupenda, na likiguswa naumia. Yeye lake amevalishwa na moto. Unafikiri haumii?"

Mlinzi aliona watu wanaanza kumsikiliza, akatafuta pa kushika. Akashika methali.

"Mama, wahenga walisema, mficha uchi hazai. Hospitali si pa kujifichaficha."

"Ni kweli, hazai," Mama Chiriku akajibu. "Lakini na anayezaa hazalii getini, mwanangu. Anawekewa pazia."

Foleni ikaguna kwa pamoja. Mama mmoja mjamzito akapiga makofi, akajishika tumbo. Mlinzi akatabasamu bila kutaka, kisha akakumbuka kazi yake.

"Amri ni amri. Afunue hapa."

"Sawa. Ikiwa yeye anafunua hapa, basi na mimi nafunua hapa hapa." Mkono wake ukaenda nyuma ya kichwa, kwenye fundo la nikabu. "Ama wote paziani, ama wote juani. Chagua wewe."

Fundi alimshika mkono. "Mama Chiriku, usifanye hivyo. Niache mimi."

"Nimekuacha siku ya kwanza. Inatosha."

Mlinzi alirudi nyuma kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kumvua mwanamke stara yake mbele ya watu! Aliwaza jinsi mama yake mzazi atakavyozisikia habari hizo, na jirani zake, na Mungu wake pia. Na kabla hajajua la kufanya, bibi mmoja aliyesimama nyuma kabisa, naye kajifunika gubigubi, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Na mimi natoa. Nina mapengo, lakini mtayaona tu." Dada wa Pazia akachungulia kutoka upande wake. "Afande," akasema, "pazia lenyewe halijawahi kumuuliza mtu dini."

Kelele zikamleta metroni, miguu mepesi, barakoa chini ya pua.

"Nini hapa? Nina mtoto wa upasuaji analia anamtaka baba yake, na nyie mnafanya mkutano!"

"Huyu anataka kupita kafunika uso, metroni, wala si dini," mlinzi alisema.

Metroni akamtazama Fundi. Hakuujua uso, lakini aliijua mikono: makovu ya cheche, kucha nyeusi, kidole gumba kilichofungwa plasta aliyoifunga yeye mwenyewe jana.

"Huyu si fundi wangu wa toroli?"

"Ndiye, mama," Fundi akasema.

"Jana uliingiaje?"

"Na kinyago cha kazi."

Metroni akamgeukia mlinzi. "Jana ulimwona uso?"

Mlinzi akajikuna shingo. "Jana... jana alikuwa fundi."

"Na leo ni nani?"

Jibu lilikuwa dogo na kila mtu alilijua, hata mlinzi, maana naye alikuwa na watoto.

"Leo ni baba wa mgonjwa," akasema.

"Basi jana tumemfungulia geti la magari kwa ajili ya chuma, na leo tunamzuia kwa ajili ya mtoto." Metroni hakupaza sauti. "Anayefunika uso aende paziani. Mwanamke akaguliwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume. Sababu abaki nayo mwenyewe. Yale maneno ya ukutani nitayajibu mimi kwa wakubwa. Haya, wewe ndiye mwanamume wa zamu. Mkague."

Nyuma ya pazia la kijani walikuwa wawili tu. Fundi akafunua. Mlinzi alitazama, na safari hii hakuna aliyepiga ukelele, kwa hiyo aliweza kutazama vizuri. Akaona macho ni yale yale ya kwenye picha, na kovu la zamani juu ya nyusi ambalo moto haukuligusa. Lilikuwapo siku zote.

"Ni wewe," akasema, akamrudishia kitambulisho kwa mikono miwili. "Nisamehe, kaka. Karibu. Pole na mgonjwa."

Mama Chiriku alikuwa ameshapita upande wake na alikuwa anangoja. Foleni ikapiga makofi na vigelegele, na yule bibi wa mapengo akadai kwamba yeye ndiye aliyeshinda.

*

Chiriku aliwaona kutoka mbali, akaacha kulia ili apate nafasi ya kulalamika.

"Baba! Jana nilisikia grenda huko nje nikasema huyo ni baba, wakasema homa!"

Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. Daktari alikuwa pale na barakoa yake, muuguzi na yake, metroni na nusu yake. Mama alikuwa na nikabu, baba na kitambaa. Chiriku akawatazama mmoja mmoja.

"Nyie wote mmejifunika," akasema. "Mnaogopa nini? Anayekatwa si mimi?"

Daktari alicheka mpaka akalazimika kufuta miwani. Fundi naye alicheka, kisha akamshika mtoto mkono.

"Nisikilize, mwanangu. Uso wangu ulichukuliwa na moto, kule karakana, nikiwa macho. Usingizi wa hapa haukunichukulia kitu. Usingizi ndio ulionipumzisha na maumivu. Umeelewa? Ulikuwa rafiki yangu."

Mtoto alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza wodi kumwona akifikiri kimya.

"Na hicho chuma cha mguuni umekikagua?"

"Hicho anakijua daktari. Mimi nimekagua toroli. Hilo unaloliona hapo, miguu ya mbele nimeichomelea mimi jana, ndiyo maana sikuja. Panda uruke uone kama litalia."

"Nitaruka nikirudi," Chiriku alisema, akanyoosha mikono abebwe. Baba yake akamlaza mwenyewe juu ya toroli, na toroli halikulia. Mtoto alikwenda akiwaeleza wasukumaji ni nani aliyelitengeneza, na mlango ukajifunga akiwa bado katikati ya sentensi.

Walingoja kwenye benchi la nje, mahali ambapo geti lilionekana. Mzee mmoja akafika na leso imefungwa kuanzia pua hadi kidevu. Mlinzi akafungua mdomo. "Mzee, hiyo ni kwa sababu ya..." Akaishia hapo. "Kushoto, baba. Kwenye pazia, nakuja." Ukutani mtu alikuwa ameshakwangua maneno *kwa sababu za dini* kwa kitu chenye ncha, kazi ya haraka na mbaya, na Fundi aliona kwamba ingetakiwa msasa.

"Nitawaletea rangi," alisema. Mkewe akamwegemea bega.

Chiriku aliamka jua likiwa limeanza kuingia upande wa pili wa wodi. Muuguzi alikuwa amevuta pazia kuzunguka kitanda. Jambo la kwanza aliangalia mguu, ulikuwapo, mnene na mweupe kwa plasta. La pili akapeleka mkono mzito kwenye kitambaa cha kijivu, akakiteremsha mpaka kidevuni, akautazama uso kwa makini, huku na huku, kama mtu aliyeshika kitambulisho.

"Ndiye," akasema, akalala tena.